Chuo Kikuu, Bunge na Lugha ya Taifa: Ushauri Uliopokewa na Ushauri Uliowekwa Kando

1. Utangulizi

Kwa karibu nusu karne Bunge la Tanzania lilifanya kazi katika hali ambayo mgeni angeiona kuwa ya ajabu, ingawa wenyeji walikwisha kuizoea. Waziri alisimama na kuwasilisha muswada kwa Kiswahili. Wabunge waliuchangia kwa Kiswahili, wakaomba mwongozo wa Spika kwa Kiswahili, na wakati wa bajeti, walipokuwa hawakuridhika na majibu, walitishia kwa Kiswahili kushika shilingi ya mshahara wa waziri. Taarifa Rasmi ya Majadiliano ya Bunge ilichapishwa kwa Kiswahili. Lakini muswada wenyewe, yaani maneno ambayo yangegeuka sheria na kumfunga mwananchi, kwa kawaida ulikuwa umeandikwa kwa Kiingereza. Sehemu ya Kiswahili iliyoambatishwa mwishoni ilikuwa na kichwa cha habari "Madhumuni na Sababu", na ilieleza kwa ufupi kile ambacho vifungu vilikusudia kufanya.

Hali hiyo haikutokana na upungufu wa lugha. Kiswahili kilikuwa kinachunguzwa, kinasanifiwa na kufundishwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu miaka ya mwanzo ya Uhuru. Wala haikutokana na ukosefu wa ushauri, kwa kuwa wataalamu wa Chuo hicho waliandika taarifa nyingi kuhusu matumizi ya Kiswahili katika sheria, utawala na elimu. Kwa hiyo lipo swali la kihistoria linalostahili kujibiwa: ni ushauri gani wa chuo kikuu uliopokewa na Bunge na Serikali, ni upi uliowekwa kando, na kwa nini?

Mhadhara huu unafuatilia swali hilo kuanzia mwaka 1930 hadi mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021. Hoja yake kuu ni kwamba chuo kikuu kilifanikiwa kila kilipotoa vyombo vya kazi, kama vile istilahi, kamusi na wataalamu, na kilishindwa mara nyingi kilipotoa ushauri uliodai mfumo mzima ubadilike. Sababu za kushindwa huko hazikuwa zote kwa wanasiasa. Nyingine zilikuwa ndani ya chuo kikuu chenyewe.

2. Urithi wa Kamati ya Lugha

Uhusiano kati ya wataalamu wa Kiswahili na watunga sera ni mkongwe kuliko Bunge huru lolote la Afrika Mashariki. Baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, ambapo Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa usanifishaji, Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi tarehe 1 Januari 1930, Frederick Johnson akiwa katibu wake wa kwanza. Iliundwa kuzihudumia nchi nne: Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Kazi yake ilikuwa kusawazisha tahajia, kukagua vitabu vya shule na kutunga kamusi. Kamusi zilizochapishwa mwaka 1939 ni tunda la kazi hiyo, na bado hutajwa na kila anayeandika historia ya leksikografia ya Kiswahili.

Jambo moja katika muundo wa Kamati hiyo lina uzito kwa mjadala huu. Ilikuwa chombo cha idara za elimu za kikoloni. Mwanzoni Waafrika hawakuwa wajumbe wake, na uamuzi wake haukupelekwa mbele ya baraza lolote lililochaguliwa na wasemaji wa lugha. Mtaalamu aliamua, idara ikatekeleza, na kitabu ambacho hakikukidhi matakwa ya Kamati hakikuingia shuleni. Mazoea hayo, ya kuiona lugha kama suala la kiufundi linalomalizwa ofisini, yalirithiwa pamoja na majalada na maktaba ya Kamati.

Mwaka 1952 Kamati iliwekwa chini ya Chuo cha Makerere, na huo ukawa mwanzo wa kuhusishwa kwake na elimu ya juu. Mwaka 1964 iligeuka kuwa taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili ndani ya Chuo Kikuu kishiriki cha Dar es Salaam, W. H. Whiteley akiwa mkurugenzi wake wa kwanza. Mwaka 1970, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipopata hadhi kamili, taasisi hiyo ilijulikana kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, yaani TUKI. Mwaka huohuo ilianzishwa Idara ya Kiswahili, iliyofundisha isimu na fasihi ya Kiswahili kwa Kiswahili chenyewe. Vyombo hivyo viwili viliunganishwa mwaka 2009 na kuwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, TATAKI.

Chuo chenyewe kilifunguliwa Oktoba 1961, majuma machache kabla ya Uhuru wa Tanganyika, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria katika jengo la TANU lililopo Mtaa wa Lumumba. Kitivo cha kwanza kilikuwa cha Sheria, na sababu yake iko wazi: dola mpya ilihitaji watu wa kuandika na kutafsiri sheria. Lakini sheria hiyo ilifundishwa kwa Kiingereza. Hapo ndipo mbegu ya utata ulioelezwa katika utangulizi ilipopandwa. Chuo kilichoanzishwa kwa ajili ya dola huru kilimwandaa mwanasheria wake katika lugha ambayo wapiga kura wengi wa dola hiyo hawakuijua.

3. Bunge lapata maneno yake

Mwezi Desemba 1962, nchi ilipokuwa Jamhuri, Rais Julius Nyerere alilihutubia Bunge kwa Kiswahili. Mwezi Januari 1967 Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, alitangaza kwamba shughuli za Serikali zifanyike kwa Kiswahili. Mwaka huohuo Bunge lilitunga sheria ya kuanzisha Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, na Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika madarasa yote ya shule za msingi. Mambo hayo yalitokea kwa kasi, na yaliacha nyuma swali la vitendo: mbunge, karani na hakimu watatumia maneno gani?

Hapa ndipo mchango wa chuo kikuu unapoonekana kwa uwazi zaidi. A. B. Weston, mkuu wa kwanza wa Kitivo cha Sheria, alichapisha mwaka 1965 makala kuhusu matatizo ya kuiweka sheria katika Kiswahili, na mwaka 1968 Kitivo kilitoa orodha ya istilahi za sheria iliyoandaliwa chini ya jina lake. Thamani ya kazi hiyo haikuwa katika idadi ya maneno tu. Ilidhihirisha kwamba tatizo la kisheria mara nyingi ni tatizo la kisemantiki. Neno "haki", kwa mfano, hubeba dhana mbili ambazo wanasheria waliofunzwa kwa Kiingereza hutaka zitenganishwe: kile anachostahili mtu, na uadilifu wa uamuzi unaotolewa. Neno "hukumu" katika matumizi ya kawaida hutaja uamuzi wa mahakama na pia adhabu inayoufuata. Mtunga sheria anapaswa kuchagua: ama aliwekee neno mipaka kwa tafsiri ndani ya sheria yenyewe, ama atafute neno jingine. Njia zote mbili zinawezekana, na zote mbili hudai kazi ya mwanaisimu na mwanasheria wakiwa wameketi meza moja.

Utaratibu wa kuunda istilahi ulizidi kuimarika. Wataalamu walikusanya dhana za uwanja fulani, wakapendekeza visawe, na mapendekezo yakapitiwa na BAKITA kabla ya kusanifiwa. Kuanzia mwaka 1974 BAKITA ilizitangaza istilahi hizo katika mfululizo wa vijitabu vilivyoitwa Tafsiri Sanifu. TUKI kwa upande wake ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, na mwaka 1990 kamusi za isimu na lugha na za biolojia, fizikia na kemia. Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ilifuata mwaka 1996, na Kamusi ya Tiba mwaka 2003.

Msamiati wa dola uliopatikana haukuwa wa kukopa kutoka Kiingereza peke yake. "Ikulu" ilitoka katika Kisukuma na Kinyamwezi, ambako hutaja makazi ya mtemi. "Ngeli" ya wanasarufi ilitoka katika Kihaya. "Akidi" na "muswada" zina asili ya Kiarabu. Mfano unaopendeza kuliko yote ni "siwa". Katika Lamu na Pate siwa ilikuwa pembe ya heshima iliyopulizwa katika sherehe za watawala. Bunge lilipohitaji jina la rungu la Spika, alama ya mamlaka ya kikao, jina hilo la pwani likapewa kazi mpya. Mbunge kutoka Kigoma au Ruvuma anaposimama mbele ya siwa hana haja ya kujua historia hiyo, lakini mwanaisimu anaona jinsi taasisi iliyotokana na desturi za Westminster ilivyovishwa vazi la Kiswahili likamkaa vizuri.

Uhusiano wa taasisi hizi mbili ulikuwa pia wa watu. Pius Msekwa alikuwa Katibu wa Bunge katika miaka ya 1960, akawa Makamu Mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970, na baadaye akawa Spika wa Bunge kuanzia mwaka 1994 hadi 2005. Wapo pia maprofesa walioacha kufundisha wakaingia bungeni, ama kwa kuteuliwa na Rais ama kwa kuomba kura. Mlima wa Ubungo haukuwa mbali na ukumbi wa Bunge kama inavyodhaniwa mara nyingine.

4. Utafiti kuhusu lugha ya kufundishia

Ushauri wa aina ya pili ulikuwa na historia tofauti. Mpango wa Pili wa Maendeleo wa miaka mitano, ulioanza mwaka 1969, ulidokeza kwamba Kiswahili kingepanuliwa hadi elimu ya sekondari. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 BAKITA iliwaomba wahadhiri wawili wa Chuo Kikuu, Penina Mlama na May Matteru, wachunguze haja ya kutumia Kiswahili kufundishia katika elimu ya juu. Taarifa yao, iliyotolewa mwaka 1978, ilieleza kwamba wanafunzi hawakuwa wanaelewa vizuri kile walichofundishwa kwa Kiingereza, na kwamba walimu walilazimika kurudi kwenye Kiswahili ili somo lieleweke. Walipendekeza Kiswahili kitumike.

Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta iliwasilisha taarifa yake mwaka 1982, ikaufuata mwelekeo huohuo, tena kwa tarehe. Kiswahili kianze kufundishia Kidato cha Kwanza mwaka 1985, na kifike chuo kikuu mwaka 1992. Kwa mtu aliyesoma taarifa hiyo siku ile, suala lilionekana limekwisha. Lakini Serikali ilipotoa mpango wake wa elimu mwaka 1984, Kiingereza kilibaki kuwa lugha ya kufundishia sekondari na vyuoni. Katika kipindi hichohicho Mwalimu Nyerere alikieleza Kiingereza kuwa ni Kiswahili cha dunia, na kauli hiyo ikawa ngao ya kila aliyetaka mfumo ubaki ulivyo.

Mwaka 1984 pia ilitoka taarifa ya wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, kuhusu hali ya Kiingereza katika elimu ya Tanzania. Walichokigundua hakikutofautiana sana na kile cha Mlama na Matteru: kiwango cha Kiingereza cha wanafunzi wengi hakikutosha kujifunzia. Tofauti ilikuwa katika hatua iliyopendekezwa. Taarifa ya wahadhiri wa Mlimani ilishauri lugha ya kufundishia ibadilishwe, na ya wageni ilishauri Kiingereza kiimarishwe. Ushauri wa pili ulifuatwa na mradi uliogharimiwa na Serikali ya Uingereza, wenye vitabu na wataalamu. Ushauri wa kwanza haukufuatwa na fedha yoyote. Kwa nchi iliyokuwa imetoka katika vita vya Kagera, yenye uhaba wa fedha za kigeni na hata wa karatasi za kuchapia vitabu, tofauti hiyo haikuwa ndogo.

Utafiti haukukoma. Mwaka 1990 Casmir Rubagumya alihariri kitabu kuhusu lugha katika elimu kwa kuitazama Tanzania. Mwaka 1997 Zaline Roy-Campbell na Martha Qorro walichapisha kitabu kuhusu mgogoro wa lugha katika elimu ya Tanzania. Kuanzia mwaka 2002 mradi wa LOITASA uliwaunganisha watafiti wa Tanzania, Afrika Kusini na Norway katika kulinganisha ufundishaji kwa lugha tofauti. Matokeo yao kwa jumla yaliafikiana na yale ya miaka ya 1970: mwanafunzi anaeleza zaidi, anauliza zaidi na anaelewa zaidi anapofundishwa kwa lugha anayoimudu.

Sera nazo zilizidi kupishana. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ilisema lugha ya kufundishia sekondari ni Kiingereza. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 ikasema utaandaliwa mpango maalumu wa kuwezesha Kiswahili kitumike kufundishia katika ngazi zote. Sera zote mbili zilitoka katika Wizara ya Elimu na Utamaduni. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, iliyozinduliwa mwezi Februari 2015, ilikubali Kiswahili kitumike kufundishia katika ngazi zote, huku ikiacha nafasi ya Kiingereza. Hata hivyo, mtoto aliyeingia Kidato cha Kwanza mwaka uliofuata alikutana na fizikia kwa Kiingereza, kama kaka zake walivyokutana nayo, na hali hiyo haijabadilika.

5. Mfano wa Kenya

Historia ya Kenya inasaidia kuonyesha kwamba tatizo si la nchi moja, na kwamba amri peke yake haitoshi. Mwezi Julai 1974 Rais Jomo Kenyatta aliagiza Bunge la Kenya lijadiliane kwa Kiswahili, na Katiba ikarekebishwa ili kulitimiza agizo hilo. Wabunge waliozoea hotuba za Kiingereza walijikuta wakitafuta maneno mbele ya wenzao wa pwani ambao ulimi wao haukukwama. Hata hivyo, miswada na nyaraka za fedha ziliendelea kuwa za Kiingereza. Ilipofika mwaka 1979 Katiba ilirekebishwa tena, na Kiingereza kikarudi ukumbini kikiwa sawa na Kiswahili. Mabadiliko yalikuja kabla ya vyombo vya kuyabeba.

Hatua iliyodumu nchini humo ilipitia njia nyingine. Tume iliyoongozwa na Colin Mackay, ambayo mwaka 1981 ilipendekeza kuanzishwa kwa chuo kikuu cha pili, ilipendekeza pia Kiswahili kifanywe somo la lazima linalotahiniwa. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, pendekezo hilo liliingia darasani na katika mitihani ya taifa. Hitaji la walimu likazaa idara, idara zikazaa wahitimu, na wahitimu wakazaa vitabu. Katiba ya mwaka 2010 ilipokitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, na ilipokitambua kuwa lugha ya Bunge pamoja na Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya, tayari kizazi kizima kilikuwa kimetahiniwa kwa Kiswahili. Ushauri wa Tume ya Mackay ulipokewa kwa sababu ulikuja na chombo cha kuutekeleza, nacho ni mtihani.

6. Kwa nini ushauri uliwekwa kando?

Ni rahisi kujibu kwamba wanasiasa hawakuwa na nia. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini halielezi kwa nini wanasiasa haohao walipokea kamusi na istilahi kwa mikono miwili. Sababu tatu zinahitaji kutazamwa.

Sababu ya kwanza ni umbo la ushauri. Istilahi hupokewa moja moja. Neno likikataliwa na wasemaji, halimgharimu mtu uchaguzi. Lugha ya kufundishia haibadilishwi kipande kipande kwa namna hiyo. Inadai vitabu, walimu, mitihani na fedha kwa wakati mmoja. Tafiti nyingi za Mlimani zilijibu vizuri swali la lugha gani mwanafunzi anaielewa. Swali la waziri lilikuwa jingine: vitabu vya vidato vinne vitachapishwa kwa fedha zipi, na wanafunzi walio katikati ya masomo watafanyiwa nini? Watafiti wa lugha hawakuwa na wachumi wa elimu pembeni yao, na swali hilo halikupata jibu la uzito uleule.

Sababu ya pili ni njia na lugha ya ushauri. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 1975 yalikiweka Chama juu ya vyombo vyote, na maamuzi makubwa ya sera yalifanywa katika vikao vyake. Taarifa za wataalamu zilikwenda wizarani na kwenye tume, wala si mezani kwa mbunge. Baada ya mfumo wa vyama vingi kurejeshwa mwaka 1992, nafasi ya Bunge iliongezeka, na kamati zake za kudumu zikawa mahali ambapo wadau huitwa kutoa maoni kuhusu muswada kabla haujajadiliwa na Bunge zima. Lakini kufikia wakati huo sehemu kubwa ya utafiti kuhusu Kiswahili ilikuwa inaandikwa kwa Kiingereza, kwa sababu majarida yanayompandisha mhadhiri cheo na mashirika yanayogharimia utafiti yalidai hivyo. Vitabu vya mwaka 1990 na 1997 vilivyotajwa viliandikwa kwa Kiingereza. Taarifa ya Mlama na Matteru, iliyoandikwa kwa Kiswahili, ilibaki kuwa mfano wa nadra. Mbunge aliyetaka kukitetea Kiswahili bungeni kwa Kiswahili alilazimika kuutafsiri kwanza ushahidi wa watetezi wake.

Sababu ya tatu ndiyo nzito zaidi. Chuo kikuu kilichoishauri Serikali ifundishe kwa Kiswahili chenyewe kiliendelea kufundisha kwa Kiingereza. Nje ya masomo ya Kiswahili, mihadhara, mitihani na tasnifu ziliandikwa kwa Kiingereza, na kwa muda mrefu hata tasnifu nyingi kuhusu sarufi ya Kiswahili ziliandikwa kwa lugha hiyohiyo. Mzazi aliyeambiwa kwamba Kiswahili kinatosha kwa elimu ya juu alitazama Mlimani akaona vinginevyo. Shule za msingi za Kiingereza zilipoongezeka kuanzia miaka ya 1990, wasomi hawakuwa nyuma katika kuwapeleka watoto wao huko. Wahenga walisema mganga hajigangi. Lakini mganga anayekataa kuionja dawa aliyoichemsha hawezi kumlaumu mgonjwa akisita kuinywa.

Ni haki pia kusema kwamba hofu za upande wa pili hazikuwa za kijinga. Mzazi aliyeona ajira nzuri zikitolewa kwa wanaojua Kiingereza alikuwa na hoja. Mbunge anayemwakilisha mzazi huyo ana wajibu wa kuisema hoja hiyo. Si kazi ya chuo kikuu kulitungia Bunge sheria, na katika utawala wa kidemokrasia ushahidi wa mtaalamu ni sauti moja kati ya nyingi. Kosa la kihistoria si kwamba Bunge liliusikia ushahidi likaukataa. Ni kwamba kwa miaka mingi Bunge halikuusikia ipasavyo.

7. Mabadiliko ya 2021 na mtihani uliopo

Mwezi Februari 2021 Bunge lilipitisha marekebisho ya Sheria ya Tafsiri ya Sheria, na Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, huku nafasi ya Kiingereza ikiachwa pale ambapo haki inadai hivyo. Kabla ya hapo Kiswahili kilikuwa lugha ya mahakama za mwanzo, na kadiri kesi ilivyopanda ngazi ndivyo kumbukumbu zake zilivyohamia Kiingereza. Mwananchi aliyeshtakiwa kwa Kiswahili aliweza kufika Mahakama ya Rufani akahukumiwa kwa lugha asiyoijua, kisha akasubiri wakili amweleze kama amefungwa au ameachiwa.

Hoja za msingi za uamuzi huo zilikuwa zimejadiliwa Mlimani tangu miaka ya 1960. Tena ulikuwapo ushahidi wa karibu kwamba sheria ya juu kabisa inaweza kutungwa kwa Kiswahili moja kwa moja. Katiba ya mwaka 1977 ni ya Kiswahili. Rasimu ya Katiba iliyotolewa na Tume ya Mabadiliko ya Katiba mwezi Desemba 2013, chini ya uenyekiti wa Jaji Joseph Warioba, nayo ilikuwa ya Kiswahili, na miongoni mwa wajumbe wa Tume hiyo walikuwamo maprofesa kama Palamagamba Kabudi na Mwesiga Baregu. Ingawa Katiba Inayopendekezwa ya mwaka 2014 haikufikishwa kwenye kura ya maoni, hakuna aliyeweza tena kudai kwamba Kiswahili hakina maneno ya kugawa madaraka ya dola.

Marekebisho ya mwaka 2021 yameligeuza swali na kulirudisha chuoni. Sheria sasa inapaswa kutungwa kwa Kiswahili, lakini anayeiandika ni mhitimu aliyesoma mikataba, jinai na katiba kwa Kiingereza. Asipofunzwa, ataandika Kiingereza kwa maneno ya Kiswahili: sentensi ndefu zenye vishazi vilivyopandana, kauli za kutendwa zisizo na mtenda, na istilahi zinazobadilika kutoka kifungu kimoja hadi kingine. Mwananchi atakuwa ametolewa katika lugha asiyoijua na kuingizwa katika Kiswahili asichokielewa.

8. Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa inatoa mafunzo matatu kwa vyuo vikuu vinavyotaka sauti yao isikike bungeni. Kwanza, utafiti kuhusu Kiswahili na sera uwe na toleo la Kiswahili, hata kama ni la kurasa kumi, linaloweza kusomwa na mjumbe wa kamati ya kudumu usiku wa kuamkia kikao. Pili, pendekezo la kubadili mfumo liambatane na hesabu ya gharama na ratiba, na liandaliwe na wanaisimu pamoja na wachumi na walimu. Tangu mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Dodoma kipo katika mji uleule wa Bunge, na umbali hauwezi tena kuwa kisingizio.

Tatu, chuo kikuu kianzie nyumbani. Mahali pafaapo kuanzia pako wazi, nalo ni somo la uandishi wa sheria. Likifundishwa kwa Kiswahili na mwanasheria pamoja na mwanaisimu, kwa kutumia miswada halisi iliyopita bungeni, litatoa waandishi ambao sheria ya mwaka 2021 inawahitaji. Litatoa pia kitu ambacho tafiti za tangu mwaka 1978 hazikuweza kukitoa: mfano wa somo la chuo kikuu, nje ya Kiswahili chenyewe, lililofundishwa na kutahiniwa kwa Kiswahili, ambalo mbunge na mzazi wanaweza kulitazama na kulipima wenyewe.